Mafuta Mamoja kwa Chuma, Mti na Ngozi

Mwaka 1904, mkemia Mjerumani Helmut Klever alitengeneza Ballistol, mafuta yaliyokusudiwa jeshi la nchi yake. Lengo lilikuwa chupa moja itakayomtosha askari kwa mtutu, kitako cha mti na mkanda wa ngozi.

Mafuta haya yana ualkali kidogo, na yakitiwa maji hugeuka meupe kama maziwa. Ndiyo maana wenye bunduki kuukuu za baruti nyeusi huyapenda sana: masizi ya baruti hiyo hunyonya unyevu na kuleta kutu. Mchanganyiko huo wa mafuta na maji huyang'oa, kisha mtutu hukaushwa na kupakwa mafuta kidogo.

Ngozi inataka kiasi. Ikilowa mafuta hulegea na kupoteza umbo. Matone machache kwenye kitambaa yanatosha. Na kabla ya yote, hakikisha bunduki haina risasi.