Jina la Babu Limo Katika Daftari la Mazao

Wanafunzi wa madarasa ya watu wazima wa Namswea, na ninyi nyote mnaosikiliza huko Mbinga na kando ya Ziwa Nyasa, kaeni vizuri, shikeni kalamu. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno haya matatu: UKOO, DAFTARI, MKONGE.

Zamani habari za ukoo zilikaa katika vichwa vya wazee. Hapa Umatengo watu walikula pamoja katika sengu, na baada ya kula mzee aliwataja waliotangulia. Lakini mzee akifa, habari nyingi huzikwa pamoja naye. Je, ukitaka kumjua babu wa babu yako, na hayupo wa kumwuliza, utafanyaje? Jibu ni hili: tafuta mahali jina lake lilipoandikwa.

Kwanza tusafiri mbali kidogo. Kuna nchi ya kisiwa katika Ulaya, jina lake Ayalandi. Watu wake walilima kitani, mmea ambao nyuzi zake hufumwa nguo. Mwaka 1796 wakuu wa kazi ya kitani walitaka watu walime zaidi, basi wakatoa zawadi. Aliyepanda eka 1 alipewa magurudumu 4 ya kusokotea nyuzi. Aliyepanda eka 5 alipewa kitanda cha mfumi. Ili zawadi zisipotee, makarani waliandika majina ya wakulima na mahali walipokaa. Yalifika karibu majina 60,000.

Makarani wale hawakufikiri habari za ukoo hata kidogo. Walihesabu magurudumu tu. Lakini mwaka 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kumbukumbu mjini Dublin iliungua, na maandishi mengi ya kuhesabu watu yakawa majivu. Kwa hiyo leo wajukuu wa wakulima wale, hata walioko Marekani, hutafuta wazee wao katika orodha ya kitani.

Sasa turudi nyumbani. Sisi hatukulima kitani, lakini tunayo katani, yaani nyuzi za mkonge. Mwaka 1893 Dr Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo yakatokea mashamba makubwa ya Tanga, Korogwe na kwingineko. Mashamba yalihitaji watu, na watu walitoka mbali, hata huku kwetu Ruvuma. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya kuandika vibarua, ikaitwa SILABU. Walioandikwa walipewa namba, ndiyo sababu wakaitwa manamba. Shambani kila mmoja alikuwa na kipande, karatasi ya kutiwa alama kila siku aliyomaliza kazi. Zikitimia alama 30, alipata mshahara.

Tazameni basi: namba, kipande, tikiti ya kodi, yote ni maandishi. Na waliobaki nyumbani walilima kahawa, iliyoanza Umatengo katika miaka ya 1920. Chama cha ushirika kiliandika jina la mkulima, uzito wa kahawa na fedha alizopata. Lakini vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na daftari lisilo na mwenyewe halikai salama.

Daftari jingine ni la ubatizo. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898. Katika vita vya Majimaji, mwaka 1905, misheni ile ilichomwa moto. Madaftari ya baadaye huandika jina la mtoto, wazazi wake na msimamizi wake. Zaidi ya hayo, Mkatoliki akifunga ndoa katika parokia ya mbali, padre wa huko hupeleka habari parokia alikobatizwa, iandikwe pembeni mwa jina lake.

Nitawaeleza yaliyotupata sisi. Ndugu yake babu yangu alikwenda mkonge katika miaka ya 1950. Hakurudi, wala hakuleta barua. Nyanya, ambaye ni dada yake, alikataa matanga yasiwekwe. Alisema, "Sijaona kaburi, sijapata neno la mtu." Kila mwaka aliwakataza vijana kulima ngolo katika sehemu ya kaka yake, na vijana wakanung'unika, maana ardhi haitoshi.

Nilimwomba paroko anifungulie daftari. Jina lilikuwapo, na pembeni, kwa wino mwingine, mstari mmoja: ndoa, mwaka, na parokia moja ya upande wa Tanga. Tuliandika barua huko. Majibu yalitoka kwa mwanawe, mzee sasa. Baba yake alikufa zamani, akazikwa kule. Shambani aliandikwa Mngoni, kwa maana wengi waliotoka Songea waliitwa hivyo. Nilipomsomea Nyanya barua ile, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Sasa wekeni matanga. Na shamba mwulizeni mwanawe."

Ndugu zangu, fuateni hatua hizi. Kwanza, wahojini wazee walio hai, mwandike majina yote ya mtu: la utoto, la ubatizo na la utani. Pili, fungueni masanduku nyumbani. Msichome tikiti ya kodi wala risiti ya kahawa. Tatu, nendeni kwa paroko au ofisi ya ushirika kwa adabu. Nne, kumbukeni kuwa karani aliandika alivyosikia. Jina moja laweza kuandikwa kwa namna tatu. Kwa maandishi ya serikali, iko Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

MASWALI YA DARASA
1. Kwa nini majina ya wakulima wa kitani yaliandikwa?
2. Kipande kilikuwa na kazi gani?
3. Pembeni mwa daftari la ubatizo huandikwa nini?
4. Kazi ya nyumbani: andika majina ya wazazi wako, ya babu zako na bibi zako, na mahali kila mmoja alipozaliwa. Tia tarehe ya leo.

Kwaherini, hadi somo lijalo.