Kambi Mbili, Lugha Moja: Kiswahili cha Askari na Darasa la Nakivale

Katika toleo hili tumeona tueleze jambo ambalo vitabu vyetu vya sarufi havikulipa nafasi: kwa nini sentensi ya Kiswahili iliyo salama kabisa kitabuni inaweza kumtia mtu hofu hapa kwetu magharibi mwa Uganda.

Jambo lenyewe lilianzia darasani. Mwanafunzi wetu mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha huko Nakivale aliuliza swali, akaona darasa limenyamaza, akasema kwa uchangamfu, "Mikono juu!" Alitaka wanaojua jibu wajitokeze. Watoto wawili wa nyuma waliinua mikono yote miwili, viganja mbele, na hawakuishusha hata mwenzao alipokwisha kujibu. Aliporudi Mbarara alituuliza amekosea wapi. Kisarufi hakukosea popote. Kwa kuwa jibu hilo halikumtosha wala halikututosha sisi, tulimwendea mzee mmoja mstaafu wa jeshi, mfugaji na mkulima wa ndizi nje kidogo ya mji, tukamweleza kisa hicho.

Mzee alitusalimu kwa Kinyankole, kisha akahamia Kiswahili. "Walimu," alisema, "mimi Kiswahili sikukisoma. Nilifundishwa nikikimbia." Alikuwa na maana ya mchakamchaka. Maneno yake ya mwanzo katika lugha hii yalikuwa amri, na anasema hata leo akimwita mjukuu wake kwa Kiswahili, mtoto husimama wima.

Lugha iliyoingia na gwaride

Ikumbukwe kwamba Kiswahili kilifika Uganda kwa njia zaidi ya moja. Kilikuja na misafara ya biashara kutoka pwani katika karne ya 19. Lakini njia iliyoacha alama kubwa zaidi ni ya jeshi. Mwaka 1902 Waingereza waliunganisha vikosi vyao vya Afrika Mashariki na ya Kati kuwa King's African Rifles, jeshi ambalo wananchi waliliita Keya. Askari walitoka makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha ya kuwaunganisha. Hata neno "afande" lina safari yake: asili yake ni Kituruki, na lilifika kwetu kupitia askari wa Kisudani waliotumikia dola ya Misri.

Baada ya uhuru wa mwaka 1962 jeshi liliendelea na lugha hiyo. Idi Amin, aliyekuwa ameingia Keya mwaka 1946, alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Kwa raia wengi tangazo hilo lilitoka kwenye mdomo uleule uliotoa amri vizuizini, na lugha ikarithi sifa ya msemaji wake. Baadaye, katika miaka ya 1980, misako ya kuwakamata raia mjini Kampala ilipewa jina la "panda gari". Sisi darasani tungesema hiyo ni sentensi sahili: kitenzi na yambwa. Mganda wa makamo akiisikia anakumbuka lori, na jirani ambaye hakurudi.

Amri moja, nia mbili

Hata hivyo, mzee hakukubali kwamba Kiswahili ni lugha ya ukatili tu. Alikuwa kijana mdogo hapa Mbarara majeshi ya Tanzania yalipouteka mji Februari 1979, katika vita vilivyoanza baada ya jeshi la Amin kuvamia Kagera mwaka 1978. Majengo mengi ya mji yalibomolewa. Lakini watu waliwaita askari wale "wakombozi", na jina hilo likaingia hata katika lugha zetu za Uganda.

"Kiswahili kilikuwa kilekile," alituambia. "Wa jana akisema 'lala chini', ulijua umekwisha. Wa leo akasema 'lala chini' kwa sababu risasi zinapita, anataka upone. Neno halikubadilika. Aliyebadilika ni mwenye kulisema."

Hapo ndipo tulipoanza kuwaelewa wale watoto wawili. Nakivale iko wilayani Isingiro, kusini-mashariki mwa Mbarara. Ilianzishwa mwaka 1958, kwa hiyo ina umri kuliko uhuru wa Uganda. Rasmi huitwa makazi, kwa kuwa wakaaji hupewa ardhi ya kulima, ingawa wengi wetu bado tunasema "kambi", neno lilelile tunalolitumia kwa askari. Wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo, na kwa wengi wao Kiswahili ndicho cha sokoni na kisimani.

Aidha, Mkongo wa Kivu hakukipokea Kiswahili kama Mganda. Kwao ilikuwa lugha ya nyumbani, kanisani na sokoni. Lugha ya jeshi tangu enzi za Wabelgiji ilikuwa Kilingala. Mambo yaligeuka katika vita vya 1996 na 1997 vilivyomng'oa Mobutu, wapiganaji wengi walipovuka nchi ile wakizungumza Kiswahili. Tangu hapo vikundi vya silaha vya mashariki vimekuwa vikiamrisha kwa lugha ya mama wa wale wanaoamrishwa. Mtoto wa namna hiyo amesikia "njoo ule" na "mikono juu" kwa lugha moja.

Neno "kadogo" linatufaa kama mfano. Kisarufi ni kivumishi chenye kiambishi cha udogo, ka-, ambacho Kiswahili sanifu hukikwepa na kutumia ki-. Katika msitu wa Luwero miaka ya 1980, na tena Kongo mwaka 1996, likawa jina la mtoto mwenye bunduki. Nakivale mama anaweza kumwita kitinda mimba wake hivyohivyo, kwa mapenzi. Mwalimu anayesahihisha ka- kuwa ki- na kuishia hapo amefundisha nusu ya neno.

Tufanyeje darasani?

Tulimwuliza mzee, kama mtu aliyelinda nchi, ulinzi ni nini. Alijibu: "Bunduki inalinda mpaka usiku mmoja. Siku nyingine zote unalindwa na jirani, na jirani humjui bila lugha." Yeye mwenyewe huuza maziwa kwa watu wa Nakivale, na anasema ni huko alikojifunza kusema "tafadhali" kwa Kiswahili, akiwa na mvi kichwani.

Kwa mantiki hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, tusianze somo la kwanza kwa hali ya amri, ingawa ndiyo fupi na rahisi. Kiishio -e kina heshima zaidi: badala ya "Mikono juu!" tuseme "Anayejua anyoshe mkono." Badala ya "Kaa!" tuseme "Karibu ukae." Pili, tufundishe historia ya maneno pamoja na maana yake, ili mwanafunzi ajue kwa nini bibi yake hukunja uso akimsikia akifanya zoezi la Kiswahili.

Jambo hili si dogo. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sera inaweza kukileta darasani. Kukiondolea hofu ni kazi ya mwalimu.

Nayo inawezekana. Jina Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na maelfu ya wapagazi hao hawakurudi makwao. Leo mtu wa Dar es Salaam akisema anakwenda Kariakoo, anakwenda kununua nyanya.

Mwanafunzi wetu alirudi Nakivale muhula uliofuata. Anatuambia kwamba mmoja wa wale watoto wawili sasa hunyosha mkono mmoja, na mara nyingi hulikosa jibu.