Ua la Sultani lililopoteza jina lake

Haya wadau, leo tuachane kidogo na siasa, tuongelee maua. Usicheke, soma mpaka mwisho.

Ukipita kwenye vitalu vya miche vya kando ya barabara hapa Arusha utaliona ua moja dogo, petali tano bapa, jekundu, la pinki au jeupe. Shina lake ni laini, limejaa maji, ukilibana tu linavunjika. Nyuma ya ua kuna kamkia kembamba kamepinda. Linapenda kivuli, ndio maana kwa wengi limepandwa kwenye veranda au chini ya miti. Muulize muuzaji linaitwaje, atakwambia "hilo ni la Kizungu". Na mimi nilikuwa naamini hivyo hivyo.

Kumbe sio! Ua hili ni la kwetu kabisa. Asili yake ni Afrika Mashariki, kuanzia Kenya, kupitia Tanzania, mpaka Msumbiji, sehemu zenye kivuli na unyevunyevu. Waingereza wanaliita Busy Lizzie. Kitaalamu ni Impatiens walleriana.

Sasa tuchambue hilo jina. Impatiens ni Kilatini, maana yake "asiye na subira". Kwa nini? Jaribu mwenyewe: tafuta tunda lake lililokomaa, liguse kidogo kwa kidole. Paa! Linapasuka na mbegu zinaruka. Halisubiri mtu. Jirani zetu wa Kilimanjaro nao wana ndugu yake, Impatiens kilimanjari, linaloota kwenye mlima ule.

Na walleriana? Hapo ni kumuenzi Horace Waller, Mwingereza aliyekuja na wamisionari wa UMCA mwaka 1861, kwenye eneo ambalo leo ni Malawi. Baadaye alikuwa mpinzani mkubwa wa biashara ya watumwa, na ndiye aliyehariri shajara za mwisho za Livingstone, zilizochapishwa 1874. Jina hilo lilitolewa na mtaalamu wa mimea Joseph Hooker mwaka 1868.

Lakini ngoja, hapa ndipo penye utamu. Baadaye John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alipeleka mimea ya ua hili Kew, bustani maarufu ya London. Mwaka 1882 Hooker huyo huyo akalipa jina lingine: Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Wakati huo aliyetawala ni Seyyid Barghash, yule ambaye mwaka 1873 alisaini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar, huku Kirk akimbana.

Kwa hiyo ua moja, majina mawili. Wataalamu walipokubaliana kuwa ni mmea ule ule, ikatumika sheria yao: jina lililotangulia kuchapishwa ndilo linalobaki. 1868 iko kabla ya 1882. Sultani akaanguka, Waller akabaki.

Sasa fikirini, jamani. Waller na Sultani wote walipewa nafasi kwenye jina la ua hili. Wenyeji waliokuwa wakiliona kila siku mtoni, hakuna aliyewauliza. Sheria ile haiangalii nani alilijua ua kwanza, inaangalia nani aliandika kwanza. Leo mbegu zake zinauzwa dunia nzima, na sisi tunanunua mche huku tukiamini umetoka Ulaya.

Jina la kitaalamu hatulibadilishi tena. Lakini majina ya kwetu bado yapo vichwani mwa wazee, ila wakiondoka nayo ndio basi. Wikiendi hii ukipanda nyumbani kwenu, iwe Meru, Arumeru au Upare, chuma ua moja umuonyeshe bibi. Muulize: "Bibi, hili kwetu linaitwaje?" Halafu andika. Wewe mdau, kwenu wanaliitaje?