Kirikuu Si Lori

Nani asiyeijua kirikuu? Alfajiri utaiona Mabibo ikipakua ndizi. Adhuhuri utaikuta na saruji njiani kwenda Mbagala. Jioni imejaa vitanda na makabati ya mtu anayehama nyumba. Kigari hiki cha Kijapani, kilichokwisha tumika kwao kabla ya kuletwa kwetu, kimewafaa sana wachuuzi wasio na uwezo wa kununua lori, wala mzigo wa kulijaza. Kwa hiyo hatuandiki haya kukilaumu. Twaandika kwa ajili ya nambari moja ambayo wauzaji hawaitaji na wanunuzi hawaiulizi.

Nambari hiyo ni 350. Huko Japani magari haya yamo katika daraja lake la pekee, lililowekwa tangu mwaka 1949. Kwa vipimo vinavyotumika tangu 1998, gari la daraja hilo lisizidi urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48, wala kimo cha mita 2, na injini yake isipite sentimita za ujazo 660. Na lile la mizigo lisibebe zaidi ya kilo 350. Lilikusudiwa mkulima apitaye vijia vyembamba baina ya majaruba ya mpunga, na mwenye duka apelekaye bidhaa mitaani.

Hebu tupige hesabu ya kwetu. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Basi kirikuu yabeba mifuko 7. Magunia ya kilo 100 ni matatu, na nafasi ya mafungu machache ya mchicha. Lumbesa hatuitaji, kwani hata mwenye nayo hajui ina kilo ngapi. Tangi la maji la lita 1,000 ni tani nzima, karibu mara tatu ya kiasi kilichoruhusiwa. Gari lenyewe likiwa tupu halifikii uzito huo! Nasi twaliona likipandishwa mlima, maji yakimwagika nyuma, na watu hawashangai.

Mafundi wetu ni hodari, nao wamepata dawa: huongeza springi. Gari likisha ongezwa springi halikai kitako tena, laonekana limenyooka, na mwenyewe hufurahi. Lakini breki ni zile zile. Ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, na magurudumu ni yale yale madogo ya inchi 12. Springi yazuia bodi isishuke. Haiwezi kusimamisha gari. Mwenye shaka na aifikirie barabara ya kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo, kona baada ya kona, na kabichi zimepangwa kupita paa la dereva.

Hasara humwangukia nani? Si aliyeuza. Mara nyingi ni kijana aliyelichukua gari kwa mkataba, apelekaye hesabu kwa tajiri kila jioni mpaka deni liishe ndipo gari liwe lake. Ili apate hesabu huona hana budi kuzidisha mzigo. Na kwa kuzidisha mzigo, gari lamfia mikononi kabla deni halijaisha.

Wala muuzaji hawezi kusema kwamba hakujua. Cheti cha Kijapani cha kufutwa kwa usajili, ambacho gari husafirishwa nacho, huonyesha mwaka wa usajili wa kwanza, ukubwa wa injini na uzito wa mzigo unaoruhusiwa. Lililonunuliwa mnadani lina pia karatasi ya ukaguzi: kilomita lilizokwenda, mahali palipoliwa na kutu, na kama lilipata kugongwa likatengenezwa hutiwa herufi R. Lakini karatasi hizi mara nyingi hulala katika mtoto wa meza, na mnunuzi huonyeshwa rangi iliyong'arishwa.

Mnunuzi na azidai. Tena ainame atazame chini ya gari, maana mengine yametoka pande za theluji, ambako chumvi humwagwa barabarani, na chumvi hula chuma kimya kimya. Aulize na habari za vipuri: Subaru iliacha kuitengeneza Sambar yenyewe mwaka 2012, na Honda iliacha Acty mwaka 2021, hali Suzuki Carry na Daihatsu Hijet zingali zatengenezwa.

Kwa wauzaji tuna ombi moja. Kabla gari halijatoka yadi, na liandikwe mlangoni kwa herufi za kusomeka: MZIGO KILO 350. Wengine watasema kwamba maneno hayo yatafukuza wateja. Huenda. Aliyetaka lori atakwenda kutafuta lori, naye atakuwa amefanya vema. Atakayebaki ni muuza mayai, muuza mikate, mwenye duka la vifaa vidogo, na hao ndio wateja wa haki wa kirikuu. Kazi yenyewe yahitaji brashi na kopo dogo la rangi, na mwenye yadi aweza kuianza kesho asubuhi.