Paka Mgonjwa Asiyetarajiwa Kupona Bado ni Amana

Imepokewa kuwa Abu Qatada (radhi za Allah zimshukie) aliwekewa maji ya kutawadha, akaja paka akitaka kunywa, naye akakiinamisha chombo mpaka paka akatosheka. Kisha akaeleza kuwa Mtume (SAW) alifundisha kwamba paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani mwetu. Basi anayetuzungukia akiwa mzima, tutamtupaje anapougua?

Twauliza hivyo kwa sababu wapo wanaomtia kikapuni paka mwenye uvimbe au kidonda kisichopona, wakaenda kumwacha sokoni. Kidonda cha namna hiyo huenda kikawa saratani. Paka jike huipata kwenye matiti, na vivimbe vingi vya hapo huwa ni vya hatari. Paka mweupe huipata masikioni na puani, kwani ngozi yake haina rangi ya kuikinga na jua. Ikigunduliwa mapema, daktari wa mifugo anaweza kuikata sehemu iliyodhurika. Ikishaenea, kazi inayobaki ni kumpunguzia mnyama maumivu.

Tatizo ni kuwa paka huficha maumivu. Hujikunyata, hujificha uvunguni, huacha kujilamba manyoya, hushindwa kurukia mahali alipopazoea, na husuza chakula. Anayesubiri mlio atachelewa.

Hapa ndipo huruma isiyo na elimu inapoua. Parasetamoli, kidonge kisichokosekana majumbani, ni sumu kwa paka. Ini lake haliwezi kuivunjavunja, na damu yake hushindwa kubeba hewa. Kidonge kimoja tu chaweza kumuua. Ibuprofeni nayo asipewe. Dawa zinazomfaa zipo, lakini huandikwa na daktari wa mifugo kwa kipimo cha uzito wake.

Yaliyobaki yamo mikononi mwetu: matandiko laini mahali pakavu, maji na chakula karibu naye, samaki wa kuchemsha aliyepashwa moto kidogo ili harufu imvutie, na kidonda kukingwa na nzi. Watoto wafundishwe kumpapasa bila kumnyanyua.

Na siku zake mbaya zikizidi njema, je, inajuzu daktari kumkatisha uhai? Wapo wanazuoni wa zama zetu wanaoruhusu, ikiwa hakuna tamaa ya kupona na njia itumikayo haimtesi. Na wapo wanaoona aendelee kutunzwa hadi ajali yake ifike. Familia na imuulize sheikh wake pamoja na daktari. Wote hao hawahitilafiani katika hili: kumwacha afe kwa njaa, kiu na maumivu ni dhuluma. Tunakumbuka mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie.

Allah atujaalie tuwe wenye kuwahurumia viumbe Wake, ili nasi tuhurumiwe. Wallahu aalam.