Tangi Dogo Halimfupishi Kambare

Wataalamu wa samaki mkoani Mara wameshachoka kuulizwa swali moja: tangi la sebuleni liwe dogo kiasi gani ili kambare asikue sana? Anayeuliza huwa ameshapima kona ya ukuta na kupatana bei na fundi wa vioo. Anachotaka ni kuhakikishiwa tu kwamba kifaranga cha kambare, mbofu au kamongo kilichopatikana mwaloni Mwigobero au Guta kitajibana chenyewe kienee kwenye boksi la sentimita 90. Imani kwamba samaki hukua kadiri ya chombo chake utaisikia Musoma, utaisikia Bunda na Butiama, na wapo wauzaji wanaoitoa kama ushauri wa kitaalamu. Haina ukweli, na madhara yake makubwa huwapata hawa samaki wakubwa wakaao chini kabisa, sakafuni mwa maji, kwa sababu ni wagumu kufa na hivyo mateso yao huchukuliwa kuwa afya.

Ushahidi uko kwa wafugaji. Kambare hufugwa kwenye matangi ya saruji na mabwawa ya turubai akiwa amesongamana kupita kiasi, na bado hufika kilo moja ndani ya miezi sita hadi minane. Kama kuta zingekuwa na amri juu ya mwili wake, hakuna ambaye angepata faida kwa ufugaji huo. Kinachomkuza ni chakula, joto na maji yanayobadilishwa. Acha kubadilisha maji uone: amonia ambayo samaki huitoa kupitia matamvua hujilimbikiza, huyaunguza matamvua hayo hayo, hamu ya kula hupotea, na ukuaji hushuka. Basi huyo kambare anayesifiwa kwamba "ameenea" kwenye boksi hakuamua kuwa mdogo. Anatiwa sumu na taka zake mwenyewe, kidogo kidogo, mbele ya wageni wanaokunywa soda. Kudumaa kwake ni dalili ya ugonjwa, na anayekupangia tangi kwa kutegemea dalili hiyo anakuuzia ugonjwa.

Wabishi hujibu kwa sato: mbona bwawani anadumaa? Anadumaa kwa sababu huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi michache tu, bwawa likajaa watoto, chakula kikagawanywa kwa vinywa vingi na nguvu za mama zikaishia kwenye uzazi. Mhamishe sato huyo kwenye bwawa lenye nafasi na lishe, ataanza tena kukua, na hapo utajua kuwa tatizo halikuwa ukingo wa bwawa. Kambare hata hoja hiyo hana, kwani kwa kawaida hazai katika maji yaliyotuama. Husubiri mafuriko ya mvua, na ndiyo maana wazalishaji wa vifaranga humchoma sindano ya homoni. Wengine husema kambare anaishi hata kwenye ndoo, iweje boksi limdhuru? Anaishi kwa sababu ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji. Kiungo hicho humwokoa na uhaba wa oksijeni, amonia hakiiondoi. Kamongo ndiye shahidi mkubwa zaidi. Homer Smith, mwanasayansi Mmarekani aliyemchunguza samaki huyu wa Ziwa Victoria na kuchapisha kitabu kiitwacho Kamongo mwaka 1932, alionyesha kuwa kamongo akiwa amelala kwenye tope kavu huendelea kuishi kwa kuila misuli ya mwili wake. Kwa samaki wa namna hiyo, kutokufa hakuthibitishi chochote kuhusu ubora wa tangi. Na wale wanaosema watamrudisha ziwani akizidi, wakumbuke sangara aliyeingizwa humo katika miaka ya 1950 na furu waliotoweka baada yake. Kama samaki wako alinunuliwa dukani na asili yake ni Amazoni, usithubutu.

Swali sahihi ni hili: sakafu yangu inamtosha samaki gani? Kamongo hukaribia mita mbili. Kambare na mbofu huweza kupita mita moja. Gogogo huishia karibu na sentimita 30, na ndiye anayefaa sebule ya kawaida, watatu au wanne kwenye tangi la mita 1.8 kwa 0.6. Kwa kambare mmoja anza na mita 2.4 kwa 1.2, kina cha sentimita 60. Hizo ni lita 1,728, yaani zaidi ya tani 1.7 kabla ya mawe, kwa hiyo liwe chini, ghorofani hapana. Samaki wa chini anatumia upana. Kina hakimsaidii, na ukikiongeza mara mbili msukumo kwenye kioo huwa mara nne. Nafuu ni tangi la saruji lenye kioo upande mmoja. Saruji mpya iloweshwe na maji yamwagwe mara kadhaa kabla ya samaki kuingia. Weka mchanga laini wa mtoni, si kokoto, zisije zikachubua sharubu. Mawe ya itale yaliyojaa Musoma yanafaa, ila yakae juu ya sakafu yenyewe, sio juu ya mchanga anaoufukua. Hita haihitajiki kwa joto letu. Chujio liwe kubwa, pampu iwe na betri au sola, maana umeme ukikatika kwa muda mrefu bakteria wanaoisafisha amonia hufa. Maji ya bomba yakae wazi siku nzima klorini itoke. Badilisha theluthi kila wiki. Mfuniko uwe mzito, na uache nafasi ya hewa. Kamongo akae peke yake, anang'ata. Kabla ya kuchukua samaki ziwani, muone afisa uvuvi wa wilaya. Asiye na nafasi hiyo amnunue kambare mwaloni, ampike, amle. Huko ni kumtendea haki zaidi.