Ada ya Chuo: Zamu ya Mzazi, Zamu ya Mtoto

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, utoto unakoma mtu akitimiza miaka 18. Wengi wanaojiunga na chuo kikuu wameshavuka umri huo, na hapo baba wa Pangani au Mkinga anaweza kusema: yangu nimemaliza. Lakini sheria hiyohiyo inairuhusu mahakama kuendeleza amri ya matunzo baada ya umri huo ikiwa kijana bado yuko masomoni. Mzazi aliyeamriwa kutoa matunzo asidhani tarehe ya kuzaliwa peke yake inamtua mzigo.

Kizazi cha babu zetu kilikuwa na utaratibu mwingine: serikali ililipa, msomi akarudisha kwa kulitumikia taifa. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walipoandamana kupinga utumishi wa lazima katika Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, na yeye mwenyewe akajipunguzia mshahara kwa asilimia 20. Uchangiaji wa gharama ukaja miaka ya 1990, na mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi. Tangu hapo malipo yamekuwa ya zamu: mzazi anatangulia, mtoto anafuata.

Zamu ya mzazi ni ile sehemu ambayo mkopo haukuifikia, maana Bodi hupima uhitaji na si kila mwombaji hupata vyote. Ada ya shule za serikali iliondolewa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, kisha 2022 hadi cha sita. Kwa hiyo wazazi wengi hukutana na ada kubwa kwa mara ya kwanza mlangoni pa chuo, Oktoba au Novemba. Kwa mvuvi wa Kipumbwi au Tongoni huo ni wakati mbaya: kusi ndiyo kwanza imetulia, na fedha nzuri ya bahari huja na kaskazi, chuo kikiwa kimeshafunguliwa. Ndipo shamba la minazi linapowekwa rehani kwa bei anayoitaka mwenye fedha. Mtoto akiwa kidato cha tano na cha sita, kaskazi mbili zinapita. Ningemshauri mvuvi aweke akiba katika hizo mbili, hata kama ni kidogo, kuliko kumwachia mnazi ulipe.

Zamu ya mtoto ndiyo isiyoelezwa vya kutosha majumbani. Bumu likiingia linaonekana kama zawadi, kumbe ni deni linaloanza kudaiwa miaka miwili baada ya masomo. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tuchukue mtumishi wa serikali mwenye mshahara wa 800,000. Bodi inachukua 120,000, mfuko wa hifadhi ya jamii 40,000, bima ya afya 24,000, kodi ya mapato 68,000. Anabaki na 548,000, hajalipa chumba wala nauli. Kama alikopa milioni 10, makato hayo yataendelea karibu miaka saba.

Mwaka 2021 ilifutwa ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kutunza thamani ya mkopo. Ilikuwa nafuu ya kweli: kwenye milioni 10 tozo hiyo ilikuwa 600,000 kila mwaka, na kwa familia za Kiislamu za pwani yetu ilikuwa na sura ya riba. Bado naona asilimia 15 ni kali kwa wenye mishahara midogo. Uingereza mdaiwa hukatwa asilimia 9, tena ya kile tu kinachozidi kiwango maalumu cha kipato. Hapa kwetu makato yanaanzia shilingi ya kwanza.

Na juu ya makato hayo tunampa kijana mzigo wa pili: awasomeshe wadogo zake. Kaka au dada mkubwa aliyepata kazi Tanga mjini hupokea simu ya ada kabla hajanunua kitanda. Kusaidia ndugu ni jambo jema na sitaki life. Lakini kumdai mtu mmoja mara mbili kwa shahada moja, kwanza Bodi kisha nyumbani, ni kumwonea. Gharama za wadogo zinabaki kuwa za wazazi mpaka makato yaishe, na mkubwa achangie kwa kiasi walichokubaliana.

Basi, mzazi mwenzangu, kabla hujasaini fomu ya mkopo kama mdhamini, kaa na mwanao na mama yake. Andikeni kiasi mtakacholipa nyinyi, kiasi atakachokopa yeye, na makato yatakayomfuata. Fanyeni hivyo matokeo ya kidato cha sita yakitoka, msingoje barua ya chuo.